Barabara Iliyopumzishwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegombana na kikao kizima nikashinda, kwa hiyo naandika mapema kabla kichwa hakijavimba zaidi.

Kila mwaka mvua zikikaribia, ofisi yetu ya matengenezo hukimbilia barabara iliyo mbovu kuliko zote. Tunajaza viraka mashimoni, watu wanapiga makofi, mvua inakuja inavibandua vyote. Huku nyuma barabara nzuri zinapata nyufa, maji yanaingia chini, na mwaka unaofuata nazo zimekuwa mbovu. Nikasema safari hii tugeuze. Barabara tatu za mjini, ya soko, ya stendi na ya hospitali, bado zina mwili. Tuzibe nyufa, tuzibue mitaro, tuzivishe tabaka jembamba la lami na kokoto laini kabla ya mvua, na zitaishi miaka. Kwa hela hiyohiyo tungeweza kutengeneza kipande tu cha ile ya nne.

Ile ya nne ni barabara ya juu, inayopanda hadi mtaa wa Baba. Lami yake imebaki kama ukoko kwenye sufuria, pale ipo na pale haipo.

Mhasibu akaniuliza kama nimeichoka familia yangu. Watu wakacheka. Ndipo Kokoto akagonga meza kwa kalamu. Kokoto ndiye mkuu wetu. Alinifundisha chuoni, akanisaidia kupata kazi, na mwaka jana akanitoa idara ya madaraja akanileta kwake. Jina hilo kalipata kwa sababu mfukoni mwake hakukosekani kijiwe anachokichunguza.

"Injinia wangu amesema kweli," akasema. "Tatu tunazivisha. Ya juu tunaipumzisha."

Wakongwe wa karakana wakatikisa vichwa kukubali, bila swali. Nimelipenda neno lile. Kule kwenye madaraja hakuna kinachopumzika. Barabara ya juu ipumzike msimu mmoja, na tutakachookoa kwenye hizi tatu kiijenge upya mvua zikiisha. Nimerudi nyumbani naimba peke yangu garini.

Jumamosi, 8 Machi

Kokoto alisema ni vizuri watu wa juu wakaambiwe na mtu wao. Mtu wao ni mimi. Tukaenda wawili, tukaketi mbele ya darasa lililojaa watu waliobanwa kwenye madawati ya watoto, wengi magoti yao yakiwa karibu na kidevu.

Nikawaeleza kwa mfano wa nguo. Nguo iliyoachia mshono unaishona leo kwa uzi kidogo, ukiingoja itakubidi ununue nyingine. Nilijiona mjanja sana, nikasahau kwamba fundi cherehani wa mtaa, jirani wa Baba, alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Injinia, hiyo tumeielewa," akasema. "Sasa huyu ambaye keshavaa matambara, wewe unamwambiaje?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikasema neno lenyewe: "Barabara yenu tunaipumzisha msimu huu mmoja. Mvua zikiisha, inajengwa upya." Nikamtazama Kokoto. Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali.

Mtu wa nyuma akasema ahadi za ofisi anazijua. Hapo Baba akasimama. Siku hizi kusimama kwake ni kazi. Figo zimemchoka, na kila Jumanne na Ijumaa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kwenye mashine. Akaegemea dawati na kusema, "Huyu ni mwanangu. Akisema msimu mmoja, ni msimu mmoja." Akaketi. Kelele zikaisha.

Njiani Kokoto akaniambia, "Mwanangu, una mdomo wa dhahabu." Nikafurahi kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Lami inachemshwa. Nywele zangu zinanuka moshi.

Alhamisi, 20 Machi

Ya soko imekamilika, ya stendi imefika nusu. Wauza duka wamenilaani kwa vumbi la kokoto, halafu mmoja akaniletea kiti nikae kivulini. Binadamu bwana.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kwanza, tena ya kumwaga. Nilisimama kwenye kibaraza cha duka la dawa nikatazama maji yakishuka kwenye barabara ya hospitali. Yanateleza juu ya tabaka jipya, yanakwenda mtaroni, mtaro unayapokea, yanaondoka. Hakuna hata dimbwi moja! Mama mmoja alikuwa anasukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu, na kiti kinakwenda chenyewe bila kurukaruka. Nilitaka nimshike mkono nimwambie: mimi huyo, hiyo ni kazi yangu. Aibu ikanizuia.

Jumanne, 1 Aprili

Polepole amelalamika. Polepole ndiye dereva wa bajaji anayempeleka Baba hospitali, na jina alipewa kwa kejeli maana alikuwa hajui breki. Leo amesema barabara ya juu imemfanya astahili jina lake. Maji yamejaza mashimo, hajui lipi fupi na lipi refu.

"Mzee nikimtikisa sana anatapika," akasema. "Nikimtikisa kidogo, anachelewa mashine."

Nikamwambia avumilie, ni msimu mmoja. Akasema sawa, Injinia, wewe ndiye unayejua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Fundi cherehani amepoteza sare za shule alizokuwa amezimaliza. Pikipiki iliyozibeba ilizama shimoni, zikaloa tope jekundu. Nimempigia kumpa pole. "Nazifua," akasema, "lakini wateja wa mjini wameanza kusema kwangu hakufikiki." Hakunilaumu. Akaniuliza tu mvua zinaisha lini, kana kwamba na mawingu yapo chini ya idara yetu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Baba kwa miguu kutoka pale lami ya mjini inapoishia, gari nimeliacha chini. Nimekuta watu wawili wamekuja kulalamika kwake, naye anawatuliza. Kumbe kila wiki anapita nyumba kwa nyumba na fimbo yake akiwaambia watu wasiandike malalamiko, wasifunge njia, mwanawe ameahidi. Nilimwambia asijichoshe. Akasema kama hawezi kumbeba mwanawe mgongoni tena, kumbeba kwa maneno bado anaweza.

Ijumaa, 18 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi Polepole alimchukua Baba kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana. Wakafika pale kwenye kona ya mteremko, mahali ambapo lami imeliwa pande zote mbili ikabaki katikati kama ulimi. Polepole akajaribu kupita juu ya huo ulimi. Ukakatika. Bajaji ikalala ubavu ndani ya maji, Baba akiwa ndani.

Polepole alimtoa kupitia upande wa juu. Hakuvunjika. Lakini aliuangukia mkono wa kushoto, ule wenye mshipa waliomtengenezea kwa ajili ya sindano za mashine, na mkono ukavimba palepale. Tena alikuwa ameshachelewa. Mwili wa Baba haujui kuchelewa, maji yanaanza kujaa, pumzi inakata. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu likasema kule juu halipandi.

Fundi cherehani ndiye aliyesikia makelele. Alitoka na tepu shingoni, akatazama, akarudi ndani, akatoka na mlango. Mlango wa chumba chake cha kazi. Aliung'oa kwenye bawaba kwa bisibisi ya cherehani. Wakamlaza Baba juu yake, wakamfunika kwa kitambaa cha mteja, wakambeba kwa zamu kwenye tope hadi lami ya mjini inapoanza. Wanaume wa mtaa, wanawake wa mtaa, na yule aliyesema ahadi za ofisi anazijua, naye alishika pembe moja.

Mimi nilikuwa nimepigiwa simu, nimesimama pale chini na gari, siwezi kupanda. Niliwaona wakitokea kwenye kona, wameloa, wanahesabu hatua kwa sauti ili waende pamoja. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari. Walipomfikisha, Baba alikuwa anavuta pumzi kwa mkoromo. Akanitambua, akasema, "Barabara yako hii ya hospitali ni laini kweli." Tukafika bila kutikisika hata mara moja, na mimi niliyeijenga nikaendesha huku nalia.

Wamemchoma sindano shingoni maana mkono haufai. Daktari anasema mshipa huenda ukapona, huenda ukawa ndiyo basi. Baba yu hai.

Jumapili, 20 Aprili

Kokoto alikuja wodini na matunda. Aliketi karibu na kitanda, akamshika Baba mkono ule mzima.

"Vumilia mzee mwenzangu," akamwambia. "Mwanao anafanya kazi kubwa."

"Navumilia," Baba akasema. "Msimu unaisha."

"Unaisha," Kokoto akasema.

Nikamsindikiza hadi mlangoni nikamshukuru. Nilimshukuru!

Ijumaa, 25 Aprili

Baba amerudi kwake. Nilimwomba aje kukaa kwangu, hospitali iko karibu, akakataa. Anasema akihama sasa watu watajua kwamba hata yeye haamini. Polepole amenyoosha bodi ya bajaji kwa nyundo, anampitisha njia ya makaburini, ndefu lakini haina mashimo mengi.

Jumatano, 30 Aprili

Manyunyu tu. Nimeanza kuchora barabara ya juu mpya: mitaro pande zote, kalvati la kupitisha maji chini pale kwenye kona, tabaka la chini nene. Ninachora kwa raha. Nikimaliza nitampelekea Kokoto, kisha nitambandikia Baba nakala ukutani.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Tope linakauka.

Jumanne, 6 Mei

Leo dereva wa greda amenikuta karakana akaniuliza, "Injinia, kule juu nianzie chini au nianzie kileleni?"

"Kuanza nini?"

"Kukwangua."

"Kukwangua mashimo?"

Akacheka, akidhani namtania. "Lami yote. Si imepumzishwa?"

Nikamwambia imepumzishwa msimu mmoja. Akaacha kucheka. Akavua kofia, nadhani kwa kunihurumia. Akanieleza kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo: hapa karakana, tangu enzi za wazee, barabara ikipumzishwa maana yake imestaafishwa. Lami inakwanguliwa, inamwagwa changarawe, inashindiliwa, inahesabiwa ni ya vumbi kuanzia siku hiyo. Hairudi kwenye lami. Yeye mwenyewe amewahi kupumzisha barabara kadhaa.

"Kila mtu hapa anajua," akasema. "Nilidhani na wewe unajua, ndiyo sababu ulikubali kwenda kuwaambia."

Nilirudi ofisini nikakaa. Neno lile nililolipenda. Sisi wenyewe tukifiwa tunasema marehemu amepumzika, na mimi na shahada yangu sikusikia.

Kokoto yuko safarini hadi kesho. Sijala.

Jumatano, 7 Mei

Nimeingia bila kubisha hodi.

"Kupumzisha ni nini?" nikamuuliza.

Alikuwa na kijiwe mkononi. Akakiweka mezani. "Nani amekuambia?"

Hakusema "sijui unazungumzia nini." Hakujifanya kushangaa. Hapo ndipo nilipojua yote, na bado nilitaka ayatamke.

"Ulinisikia nikiwaambia msimu mmoja."

"Nilikusikia."

"Ukatikisa kichwa."

"Nikatikisa."

Nikamuuliza kwa nini. Akanivutia kiti, nikakataa kukaa. Akaanza kunieleza kwa ile sauti ya darasani, na ubaya wake ni kwamba maelezo yake ni sahihi. Magari yanayopanda kule juu ni machache. Lami iliyooza inaumiza magari na watu kuliko changarawe iliyosawazishwa vizuri. Kuijenga upya kwa lami ni kula matengenezo ya nusu ya mji. "Chukua hesabu yako mwenyewe ya kuchagua barabara ya kutengeneza, ile uliyotetea kikaoni," akasema. "Iweke humo barabara ya juu. Itakujibu changarawe." Nilikuwa nimeshaiweka usiku, maana usingizi haukuja. Imejibu changarawe.

"Basi si ungewaambia hivyo," nikasema. "Si ungeniambia mimi. Ningewaeleza!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungewaeleza ukweli. Wangefunga njia, wangepiga simu kwa wakubwa, na wakubwa wangetuamuru tumwage kila kitu kwenye mashimo ya kule kwenu. Barabara tatu zingekufa. Nilihitaji msimu mmoja wa kimya, mwanangu, na kimya hicho hakuna mwingine ambaye angeweza kunipatia. Wanakuamini."

"Usiniite mwanangu."

"Ulikuwa unasema kwa moyo wote," akasema. "Mtu anayejua hawezi kusema vizuri vile."

Nikamuuliza kama alipomshika Baba mkono wodini alikuwa anajua. Swali la kipumbavu. Akatazama kijiwe chake. Akasema mwezi ujao anastaafu na ameshapendekeza mimi nikalie kiti chake, na siku nitakayokikalia nitamwelewa.

Nimesalitiwa. Naliandika neno lenyewe nilione. Miaka yote hii nilidhani ananikuza, kumbe alikuwa ananinoa. Kilichoniuma zaidi si kwamba alinidanganya. Alinitazama nikidanganya watu wangu kwa uso mkunjufu, akaona kazi inakwenda vizuri, akanisifia mdomo. Na hesabu ni sahihi. Angekuwa mwizi wa hela, ningepumua.

Alhamisi, 8 Mei

Greda inapanda Jumatatu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeandaa chumba cha nyuma kwa ajili ya Baba. Nimenunua godoro.

Jumamosi, 10 Mei

Barabara imekauka kiasi cha gari kupanda. Nimefika kwa Baba, nikaanza kupanga nguo zake kwenye begi kabla sijasema kitu. Begi lilipojaa akaniuliza, "Tunakimbia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia maana ya neno, greda ya Jumatatu, kichwa cha Kokoto kilichotikisika, kila kitu. Nikasema nimedanganywa, Baba, mimi pia nimedanganywa. Nilitaraji atanishika. Akaanza kuukandakanda ule mkono wake wa kushoto.

"Mtaani nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nilitaka kwanza nikutoe wewe."

"Halafu?"

"Halafu ofisi itawatangazia."

Akainuka. Akalifungua begi, akatoa shati moja, akalitundika msumarini. Akatoa la pili. Nikamwambia Baba, na changarawe ikimwagwa, mvua zijazo zitaibeba, utafikaje kwenye mashine? Akasema hilo ni lake na Polepole.

"Wewe yule mzee wako alikutumia, na unaumia," akasema. "Mimi nimepita milango hii yote nikiwanyamazisha kwa ajili yako. Mimi nilitumiwa na nani?"

Akatundika shati la tatu.

"Sihami. Na sitawaambia mimi, nimeshasema vya kutosha. Pita wewe, nyumba kwa nyumba. Anza kwa fundi."

Nikatoka. Mlango wa fundi umerudishwa kwenye bawaba zake, una mikwaruzo na tope lililoingia kwenye mbao halitaki kutoka. Alikuwa anashona vifungo. Akanikaribisha kwa furaha, akauliza mzee anaendeleaje, akaondoa vitambaa kwenye kiti ili nikae. Nikasema nikiwa nimesimama. Nilijitahidi nisijitetee, lakini nilijitetea. Nilisema sikujua.

Akang'ata uzi. "Kwa hiyo lami hairudi."

"Hairudi."

"Na lile begi uliloingia nalo kwa mzee leo asubuhi?"

Nikamwambia nilitaka kumhamishia kwangu na amekataa. Fundi akaweka nguo chini. Alikuwa hajakasirika bado. Alikuwa anafikiri, na mimi nilimwona akifika mahali ambapo mimi mwenyewe sikutaka afike.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Jumanne," akasema. "Siku ile tulipombeba mzee, hakuna aliyesema huyu ana mtoto ofisini, atatafutiwa njia. Tulimbeba tu."

Akaja hadi mlangoni, akasubiri nitoke. Hakuubamiza, aliurudisha taratibu, na ndani nikasikia cherehani imeanza tena. Nikasimama pale barabarani. Kisha nikaenda kubisha hodi nyumba ya pili, ya yule aliyeshika pembe.